Bili ya Mche Mwekundu

Mche ulionitia hasarani ulikuwa mwekundu kama juisi ya rozela. Ulisimama katikati ya mashada ya kijani kwenye tangi la duka moja la samaki wa mapambo hapa Dar es Salaam, na muuzaji aliona jinsi nilivyoukodolea macho. "Hiyo ni Rotala macrandra, kaka. Ukiipanda kule nyuma, sebule nzima inabadilika." Shada la mashina matano lilikuwa shilingi 15,000. Shada la kijani pembeni yake, Hygrophila polysperma, lilikuwa 5,000. Nikaona tofauti ni elfu kumi tu, nikabeba jekundu.

Wiki ya pili majani ya chini yalikuwa kama karatasi iliyolowa. Ya tatu mashina yakaanza kukatika yenyewe na kuelea, moja baada ya jingine, hadi likabaki moja lenye majani mawili juu kama mwavuli uliopigwa na upepo. Nilipomrudia muuzaji, akaniuliza swali ambalo lingeniokolea pesa zangu kama angeliuliza siku ya kwanza: "Kwani gesi unayo?"

Nikamjibu ninayo, mtungi wa kilo 15 uko jikoni. Alicheka mpaka akakaa chini.

Tangu siku hiyo, nikiulizwa bei ya mimea ya tangini sitaji bei ya shada. Nauliza kwanza huyo mche utakunywa nini na utaangaziwa na nini, kisha ndiyo napiga hesabu.

Mimea ya mashina ni marando tu. Aliyewahi kupanda matembele hana jipya la kufundishwa: shina lina pingili na vifundo, kwenye kila kifundo kuna jani na chipukizi lililolala, na ukikata kipande chenye vifundo vitatu vinne ukakichomeka mchangani, kinatoa mizizi. Haifanani na Anubias, ile mimea ya Afrika Magharibi na Kati yenye majani magumu kama ngozi, ambayo inaweza kukaa wiki tatu kabla ya kutoa jani moja, na bei yake inaendana na uvivu huo. Rando halijui uvivu. Kwa hiyo shada la elfu tano ni mbegu. Kwangu Hygrophila huongezeka mara mbili kila baada ya wiki tatu hivi: mashina 5 yakawa 10, yakawa 20, na wiki ya tisa nilikuwa na 40, ukuta mzima wa nyuma umefunikwa. Kununua mashina 40 siku moja kungenigharimu 40,000.

Lakini ubahili nao una mpaka wake. Tangi jipya lenye mashina matano ni shamba tupu, na shamba tupu halikosi magugu. Hapa magugu ni mwani. Mimea michache haiwezi kumaliza mbolea inayotoka kwenye kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki, basi mwani unakaribia mezani. Mimi ningetoa 15,000 ile ile niliyoipoteza, nikanunua mashada matatu ya kijani yanayokua haraka, nikayajaza siku hiyo hiyo.

Tangi langu alilitengeneza fundi vioo: sentimita 60 kwa 30 kwa 36, lita 64 likijaa hadi ukingoni, na mchanga ukishaingia yanabaki maji kama lita 55. Hesabu zote za hapa chini ni za tangi hilo. Bei za vitu ni zile nilizolipa mimi, kwa hiyo wewe kapatane zako.

Tuanze na taa, maana ndiyo inayowalia watu pesa bila sababu. Taa maalumu za mimea, zile ndefu za alumini, ni nzuri na zinapendeza. Ila mche hausomi jina lililoandikwa kwenye boksi. Balbu mbili za LED za wati 9, nyeupe, zenye kelvini 6500, nilizipata kwa 4,000 kila moja. Kila balbu inatoa lumeni 800 na kitu, kwa hiyo mbili zinanipa karibu lumeni 30 kwa kila lita. Kanuni inayotembea miongoni mwa watunza mimea ni kwamba lumeni 10 hadi 20 kwa lita zinatosha mimea rahisi, 20 hadi 40 ni za kati, na ukivuka 40 unaingia kwenye eneo la gesi. Mwanga mwingi bila gesi ni kama kumpa mtu jembe la pili huku hajala tangu jana. Mche haukimbii zaidi, mwani ndio unaokimbia. Jua la dirishani ni la bure, nalo linaleta maji ya kijani na joto juu. Sogeza tangi.

Umeme sasa. Balbu hizo mbili zikiwaka saa 8 kwa siku zinakula uniti 4.3 kwa mwezi. Pampu ndogo ya filta ya wati 5, ambayo haizimwi, inakula 3.6. Jumla haifiki uniti 8. Kwa aliye kwenye tarifa ya kawaida ya LUKU, ambako uniti inakuja shilingi 356 hivi pamoja na kodi, ni kama 2,800 kwa mwezi, chini ya shilingi mia moja kwa siku. Aliye kwenye D1, ile ya shilingi 122 kwa uniti, atalipa kama 970. Hapo hapo ndipo pa kuangalia: D1 inaishia uniti 75 kwa mwezi, na zinazozidi zinatozwa zaidi ya mara tatu. Kama nyumba yako tayari inagusa 70, tangi litakuvusha mpaka, na ukizoea kuvuka unahamishiwa tarifa ya juu na nyumba nzima. Hita hatuihitaji Dar. Majirani zetu wa Njombe wana maoni tofauti.

Mchanga. Udongo maalumu wa vidonge vyeusi, ule wa Amazonia wa kampuni ya ADA, ulitokana na kazi ya Takashi Amano, mpiga picha wa Japani aliyeanzisha kampuni hiyo na kufariki mwaka 2015. Picha nyingi za matangi zinazotutoa udenda kwenye simu zina damu yake. Udongo huo unalainisha maji na kulisha mizizi, lakini ukiwa mpya unatoa amonia kwa wiki kadhaa, kwa hiyo samaki wasubiri, na baada ya miaka michache nguvu yake inaisha. Mfuko wa lita 9 huko nje unagusa dola 40 kabla hujalipia usafiri. Upande wa pili kuna mchanga wa kujengea. Nilichota ndoo moja kwa fundi aliyekuwa anapiga plasta mtaani, nikauosha mara kumi na moja (nilihesabu kwa hasira), kisha nikautia siki kijiko kimoja. Mchanga ukitoa povu una chokaa ya makombe, na utayafanya maji kuwa magumu mwaka mzima. Wangu ulikaa kimya. Wa ufukweni ulichemka kama soda iliyotikiswa.

Katikati kuna njia ya Diana Walstad, Mmarekani aliyechapisha kitabu chake kuhusu ikolojia ya matangi yenye mimea mwaka 1999: safu nyembamba ya udongo wa kawaida wa bustani chini, mchanga juu, mimea mingi, samaki wachache. Udongo usiwe umetiwa samadi mbichi wala mbolea ya chumvichumvi. Nimefanya hivyo, na mche wangu wa Ludwigia umekita mizizi kiasi kwamba nikiuvuta unakuja na tope. Kuna kichekesho kimoja hapa. Miaka ya 1980 kampuni ya Dupla ya Ujerumani ilikuwa ikiwauzia wateja wake lateraiti, yaani udongo mwekundu wa nchi za joto wenye chuma, wakauweke chini ya changarawe. Sisi tunaufuta sakafuni kila mvua ikinyesha.

Sasa gesi, ambayo ndiyo bili yenyewe.

Mche uliozama unahitaji hewa ukaa kama ulioko shambani, lakini majini ni adimu. Maji yaliyotulia yakapatana na hewa ya chumbani hayana hata miligramu 1 ya hewa ukaa kwa lita. Wanaolima mimea migumu wanalenga kama 30. Pengo hilo ndilo lililoua mche wangu mwekundu, na joto la Dar likasaidia kuchimba kaburi: maji yanavyopata joto ndivyo yanavyoshika gesi kidogo, huku mche nao ukichangamka na kudai zaidi. Mwezi wa pili maji yangu hufika nyuzi 30. Rotala macrandra ingefurahia 25.

Ukitaka kuiongeza kuna njia tatu. Ya maskini jeuri ni hamira. Gramu 200 za sukari, lita moja ya maji, nusu kijiko cha chai cha hamira, ndani ya chupa ya soda ya lita 2, na mrija wa dripu kutoka kwenye kifuniko hadi tangini. Mrija wa dripu ni mzuri kwa sababu ile chemba yake inakuonyesha matone ya gesi, unayahesabu. Ila lile gurudumu la kubania usiliguse. Mimi nililigusa. Asubuhi moja samaki walikuwa juu wanahema, maana hamira hailali usiku wakati mimea haitumii gesi. Nikabana mrija nikaenda kazini. Niliporudi kifuniko kilikuwa chini ya kochi, na ukuta ulinuka mbege hadi Idi. Kwa joto letu chupa inakwisha ndani ya wiki mbili, wakati wenzetu wa nchi za baridi wanaenda nayo mwezi.

Ya pili ni asidi ya sitriki na soda ya kuokea, gramu 200 kwa 200, kwenye chupa mbili zenye vifuniko maalumu na vali ndogo. Hii unaweza kuirekebisha, na hainuki. Malighafi ni ghali kidogo kuliko sukari, lakini huna ukuta wa kupaka rangi upya.

Ya tatu ni mtungi wa hewa ukaa wa kweli, wa aina ile ya zimamoto, pamoja na regaleta yenye swichi ya umeme inayofunga gesi taa zikizimika. Regaleta ya bei nafuu inayoagizwa nje inaanzia kama dola 40 na nzuri inafika 100, kabla ya usafiri. Ongeza mtungi, ongeza kisambaza gesi cha kauri, ongeza kile kichupa kidogo cha kioo chenye maji ya rangi: bluu gesi haitoshi, kijani ni karibu miligramu 30, njano samaki wako hatarini. Kwa hesabu yangu huwezi kutoka chini ya laki mbili, na laki nne hainishangazi.

Watu husema mtungi ni ghali kwa sababu ya gesi. Si kweli, na hesabu hii niliipiga mara mbili nikidhani nimekosea. Gramu 200 za sukari zikichachuka zote zinatoa kama gramu 100 za hewa ukaa. Mtungi wa kilo 2 kwa hiyo ni sawa na chupa 20 za hamira, yaani kilo 4 za sukari, ambazo kwa 3,000 kwa kilo ni 12,000 tu. Gesi yenyewe ni ya kutupa. Unachonunua kwa laki tatu ni koki: uwezo wa kufungua saa mbili asubuhi na kufunga saa kumi jioni, kiasi kile kile kila siku. Na huo uthabiti ndio mche mwekundu unaoulilia. Gesi inayopanda Jumatatu na kushuka Ijumaa, kama ya hamira, ndiyo ambayo watunza mimea wengi huilaumu kwa ule mwani mweusi wa manyoya unaong'ang'ania kwenye kingo za majani hata kwa mswaki hautoki. Kilo 2 kwenye tangi dogo kama langu zinaweza kupita mwaka.

Kuna na vichupa vya "kaboni ya maji" madukani. Ndani mara nyingi ni glutaraldehaidi, dawa ambayo hospitalini husafishia vifaa. Inaua mwani kiasi, na baadhi ya mimea laini pia inaiyeyusha. Usiihesabu kama gesi.

Kwa hiyo bei ya Rotala macrandra si 15,000. Ni 15,000 na mtungi, na regaleta, na taa yenye nguvu zaidi, na mbolea ya chuma, na labda feni. Bei ya Hygrophila ni 5,000, basi. Anayetamani wekundu bila mtungi achukue Ludwigia repens: kwenye balbu zangu mbili imegeuka rangi ya kahawia nyekundu, chini ya majani ni waridi. Au Rotala rotundifolia, ambayo haiwi nyekundu kama ndugu yake lakini ncha zake zinaona haya kidogo zikikaribia taa. Limnophila sessiliflora, yenye majani ya nyuzinyuzi kama bizari mbichi, haina masharti kabisa, inataka mkasi tu.

Ukienda kununua kuna mitego miwili, na mmoja si kosa la mtu. Mimea mingi ya biashara hulelewa juu ya maji, kwenye unyevu, kwa sababu hukua imara na haishikwi na mwani. Ukiizamisha, majani yale ya nchi kavu yanakufa na mapya ya majini yanatoka. Rotala rotundifolia inaonyesha vizuri: dukani ina majani ya duara kama vifungo vya shati, ndiyo maana ikapewa jina hilo, lakini baada ya mwezi tangini shina lile lile linatoa majani membamba kama mchele. Nilimwona mteja anarudisha shada akidai ameuziwa mche uliooza, na juu ya kila shina palikuwa na sentimita mbili za majani mapya ya kijani kibichi. Angekata hapo akapanda. Mtego wa pili ni kosa la mtu: mianzi ya bahati, ambayo ni Dracaena, na maua mengine ya vyungu, yanauzwa yamezamishwa kama mimea ya majini. Yanastahimili miezi michache kisha yanaoza na kuchafua maji. Shina likiwa gumu, linasimama wima ukilitoa majini kama kalamu, litilie shaka. Marando halisi ya majini hulala mkononi kama tambi zilizoiva. Ila kumbuka yaliyolelewa nchi kavu nayo husimama, kwa hiyo uliza jina.

Na ukifika nyumbani ondoa ile risasi iliyofungia shada. Inabana mashina yanaoza pale pale.

Wengine husema, kwa nini tununue, si tukachume? Kule Mwanza Ceratophyllum demersum inaelea ziwani bila mwenyewe, na ni mche mzuri usiohitaji hata kupandwa. Lakini kuingia majini kuichuma kuna kichocho, na konokono wanaokibeba hukaa kwenye mimea hiyo hiyo. Bei ya bure ikiongezwa vipimo vya hospitali si bure tena. Wanaotaka kuagiza Ulaya wajue mimea hai ina mlango wake: unahitaji kibali cha kuingiza kutoka TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, na cheti cha afya kutoka inakotoka. Kwa shada moja la kupamba sebule, hapana.

Mbolea nitaipita haraka. Samaki wanatoa nitrojeni na fosforasi, kinachopungua ni potasiamu na chuma. Majani ya zamani ya Hygrophila yakitoboka vitundu kama yamechomwa sindano, ni potasiamu. Machipukizi yakitoka meupe, ni chuma. Chupa za dukani zinafanya kazi lakini sehemu kubwa ni maji. Naitreti ya potasiamu, ile 13-0-46 wanayotumia wenye vitalu vya maua na nyanya, gramu 1 kwa wiki inanitosha, na kilo moja kwa mwendo huo ni miaka 19. Urea na DAP zisikaribie tangi, amonia itaua samaki kabla mche haujajua kuna chakula.

Sifa inayoifanya Hygrophila polysperma na Limnophila sessiliflora kuwa rafiki wa mwenye mfuko mwepesi ndiyo iliyoziweka zote mbili kwenye orodha ya serikali ya Marekani ya magugu hatari. Kipande chenye kifundo kimoja kinatosha kuanzisha shamba. Sisi tuliokwisha kuona magugu maji yalivyolifanya Ziwa Victoria tangu mwisho wa miaka ya 1980 hatuhitaji kuelezwa mara mbili: vipande havimwagwi mtaroni. Vyangu navianika kwenye reli ya baraza vikauke kabisa, kisha vinakwenda kwenye chungu cha pilipili.

Lakini si vyote. Kila Jumamosi nakata ncha, nazifunga tano tano kwa uzi, naziweka kwenye kopo la aiskrimu lenye maji, nazipeleka kwa muuzaji wangu yule yule. Ananipa chakula cha samaki cha 1,500 kwa shada, halafu anaziuza 5,000. Juzi nilimkuta dada mmoja amesimama mbele ya tangi, macho yote kwenye Rotala macrandra mpya iliyofika. Muuzaji akanitazama, akashusha sauti, akavuta shada la Ludwigia yangu kutoka kwenye kopo. "Dada, chukua hii kwanza," akamwambia. "Hii haiulizi gesi."